Mbio za Shilingi 200 Katika Vilima vya Malaba

Hapana nyumba ya Mombasa ambayo haijapata kulisikia jina la Malaba. Hulisikia kwa simu, aghalabu usiku, likiandamana na neno jingine: foleni. Makontena yashushwayo Kilindini kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupita milango miwili mikuu, Malaba na Busia, na wanaoyapeleka ni waume zetu, kaka zetu na wana wetu. Hata hivyo, wanawake wa pwani waliowahi kuiona Malaba kwa macho yao ni wachache mno. Sisi tulikwenda katika kipupwe kilichopita, wala hatukwenda kwa biashara au harusi. Tulikwenda kukimbia.

Tulikuwa wanawake na mabinti tisa, tukiandamana na kaka wawili na mume wa mwenzetu mmoja. Ndugu yetu aliyeolewa Busia ndiye aliyetuletea habari kwamba vijana wa upande wa Amagoro, pamoja na walimu wao, wanaandaa mbio ndogo za marathoni na nusu marathoni, na kwamba kiingilio ni shilingi 200. Wasomaji wetu waliowahi kujiandikisha katika mbio kubwa za mijini, au waliosikia gharama za kwenda kukimbia Lewa kati ya vifaru na pundamilia, watafahamu kwa nini tulidhani amekosea tarakimu. Hakukosea. Kwa shilingi 200 mkimbiaji alipewa kipande cha kitambaa cheupe kilichoandikwa namba kwa wino mzito, pini nne za kukibandikia kifuani, maji njiani, na kikombe cha uji mwishoni. Fulana hakuna, medali hakuna, wala hapakuwa na mashine ya kupima muda. Palikuwa na mwalimu mmoja ameketi langoni mwa shule, na saa yake mkononi na daftari la mistari magotini.

Safari ya basi kutoka Mombasa ilichukua usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana. Hatutaieleza sana, aliyewahi kupanda basi la masafa anaijua miguu inavyovimba, na ambaye hajapanda hatafaidika kwa kuambiwa. Tuliswali kwa kukusanya na kupunguza, tukala mahamri tuliyobeba, na baada ya Kisumu tukaanza kuona mashamba ya muhogo na mtama yakichukua nafasi ya majani chai.

Busia ni mji uliokatwa na mstari. Upande huu Busia, upande ule Busia, na watu ni wale wale: Wateso, Wasamia, Wakhayo na Wamarachi, wenye shangazi ng'ambo na makaburi ya mababu ng'ambo. Mstari wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, kutoka hapa hadi karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa Kenya kwa kalamu, na watu wakaamka wakiwa raia wa himaya ile ile lakini wenye makao makuu mengine. Sisi wa pwani tulikuwa tumekwisha kuijua njia hii kabla ya hapo. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilifika Wanga, kwa Nabongo Mumia, katika karne ya 19, na Uislamu wa mji wa Mumias, ambao si mbali na Busia, una mizizi katika safari hizo. Bibi mmoja wa Kiislamu wa Busia aliyetukaribisha chai alituambia, kwa Kiswahili kisichokuwa na kasoro, kwamba sisi si wageni bali ni watu waliochelewa kurudi.

Na hapa ndipo, kwa masimulizi ya wengi, lilipozaliwa neno boda boda. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliwachukua abiria na mizigo katika masafa yaliyokuwa baina ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita kwa sauti neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili, ili msafiri ajue waendako. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki yote na limehamia kwenye pikipiki, lakini baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma bado zipo. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili tarehe 24 Februari 2018, kimepunguza usumbufu: msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Wanawake wenye biashara ndogo wana utaratibu wao rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Tuliwaona alfajiri wakivuka na matreya ya mayai na mafurushi ya mboga, wakiwa na mwendo ambao, kwa maoni yetu, ungewashinda wengi waliovaa viatu vya mbio siku iliyofuata.

Kutoka Busia hadi Malaba ni takriban kilomita 30 kwa barabara ya Alupe, Chakol na Adungosi. Malaba ni mdogo kuliko Busia na una kelele zaidi. Reli ya zamani ya kwenda Kampala huvuka hapo, mto unapita, na ng'ambo ya mpaka mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya nchi tambarare, kama jino lililobaki. Kaskazini, asubuhi isipokuwa na mawingu, huonekana Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321. Mguuni mwa mlima ule, upande wa Uganda, ndiko Kapchorwa, alikotoka Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na ndiko alikotoka Joshua Cheptegei, bingwa wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Vijana wa Amagoro walituonyesha mlima kwa kidole kama tunavyomwonyesha mgeni nyumba ya jirani tajiri.

Siku ya mbio tuliamka mapema mno bila sababu. Mwenye kusafiri kutoka pwani na aiache nyumbani ratiba yake ya swala, kwa kuwa mji huu uko mbali magharibi. Mwezi wa Julai jua la huku huchomoza takriban robo saa baada ya jua la Mombasa, na Magharibi huchelewa kwa nusu saa nzima. Tuliswali Alfajiri kwenye mkeka, katika darasa tulilopewa, huku ukungu ukiwa umelala uwanjani. Baridi yake si baridi ya kutisha, lakini kwa sisi tuliozoea joto la chumvi ilitosha kutufanya tufunge leso juu ya baibui. Mahali hapa pako takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hiyo si kitu kwa mtu wa Eldoret. Kwa mtu wa Kisauni, ni pumzi moja katika kila tano ambayo haifiki.

Suala la mavazi tulilizungumza tangu Mombasa, na halikukwisha njiani. Baadhi yetu tulikwishashona: suruali pana ya kitambaa chepesi, kanzu inayofika chini ya magoti iliyopasuliwa pembeni, na mtandio wa kushonwa usiohitaji pini. Mama mmoja alisema kwamba hata hivyo mbio ni mbio, na mwili hutikisika. Mwingine akamkumbusha simulizi iliyopokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, naye akamshinda. Kisha miaka ikapita, Bibi Aisha akawa amenenepa, wakashindana tena na Mtume akashinda, akamtania kuwa amelipa deni. Yule mama alijibu kwamba walikuwa mume na mke safarini, na watu walikwisha kutangulizwa mbele. Jibu lake lilikuwa sahihi, na hatukulipuuza. Ndiyo maana tuliwaomba waandalizi jambo moja: wanawake waanze dakika kumi baada ya wanaume. Walikubali bila mjadala. Mwalimu mwenye daftari alisema hata mabinti wa Kiteso wangependa hivyo, kwani wanaume husukumana mwanzoni.

Jina lililorudiwa sana katika mazungumzo hayo ni la Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeiwakilisha Uholanzi. Tarehe 11 Agosti 2024, mjini Paris, alishinda marathoni ya wanawake kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 55, rekodi mpya ya Olimpiki. Na Hellen Obiri wetu akawa wa tatu. Alipopanda jukwaani kupokea dhahabu, Hassan alikuwa amejitanda hijabu, katika nchi ambayo iliwazuia wanariadha wake wenyewe kuivaa katika michezo hiyo hiyo. Wapo kati yetu waliosema angeivaa pia barabarani. Wapo waliosema kwamba kila mja ana hesabu yake na Mola wake. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye ndiye hasa aliyetuleta Malaba kwa kusihi kwake, alikaa kimya muda wote huo akifunga na kufungua kamba za viatu.

Binti huyo alitaka kukimbia kilomita 21. Mamake alimruhusu 10. Hofu ya mama haikuwa ya mavazi wala ya miguu, na alitueleza waziwazi usiku ule tukiwa tumelala mstari mmoja darasani. Katika marathoni ile ile ya Paris alikimbia pia Rebecca Cheptegei wa Uganda, akamaliza wa 44. Alikuwa mtu wa upande huu wa Elgon, na alikuwa amejenga Endebess, Trans-Nzoia, ili awe karibu na mahali pa mazoezi. Tarehe 1 Septemba 2024, wiki tatu tu baada ya mbio, mwanamume aliyewahi kuishi naye alimmwagia petroli na kumwasha moto. Siku nne baadaye alifariki hospitalini Eldoret, akiwa na miaka 33. Ugomvi wao, kwa maelezo ya familia, ulihusu kiwanja na nyumba, yaani jasho la miguu yake. Agnes Tirop naye aliuawa nyumbani kwake Iten mwaka 2021. "Nikimwachia akimbie," mama alisema, "nitakuwa nimempa kitu ambacho mtu atataka kumnyang'anya." Hapakuwa na aliyemjibu upesi. Shangazi wa binti, dadake babake, ndiye aliyesema gizani kwamba mali hunyang'anywa hata asiyekimbia.

Njia ilikuwa duara la kilomita 21; wa marathoni nzima waliizunguka mara mbili, na hao hawakuzidi kumi na watano. Robo tatu ya njia ni udongo mwekundu na changarawe, kati ya mihogo, migomba na nyumba za nyasi zilizosiririwa vizuri. Vilima vyake si virefu, lakini havina adabu: ukimaliza kimoja, unakiona cha pili kikikungojea bila kukupa tambarare ya kupumulia. Wenyeji walitufundisha kupanda kwa hatua fupi, macho yakitazama mita chache mbele na si kileleni, mikono ikifanya kazi zaidi ya magoti. Kuteremka ndiko kulikotuumiza. Changarawe huteleza chini ya kiatu, na paja la mtu wa pwani, lililolelewa kwenye mchanga na lami ya Nyali, halijui kujizuia. Kwenye kilima cha tatu wengi wetu tulitembea, na hakuna aliyetucheka. Watoto walikimbia kando yetu pekupeku wakituamkia "Yoga!", nasi tukawajibu hivyo hivyo, hadi mmoja wetu akaishiwa na pumzi ya kujibu na kuanza kupunga mkono tu.

Maji yaliwekwa kwenye mitungi ya plastiki mbele ya vibanda vya akina mama. Waligawa kwa vikombe vya nyumbani, na ulitakiwa kunywa ukiwa umesimama na kukirudisha. Tulipenda utaratibu huo kuliko ule wa mbio kubwa ambapo barabara hubaki imetapakaa chupa, na unafaa kwa mwenye kuchunga adabu ya kunywa. Tende tulizobeba kutoka Mombasa tuliwaachia kwenye kila kituo. Waliokimbia marathoni nzima walituambia baadaye kwamba katika duara la pili hawakutaka ndizi tena, walitaka "zile za Kiarabu".

Kilomita tano za mwisho za duara hutoka kwenye vumbi na kuingia kando ya barabara kuu. Hapo ndipo tulipoikuta foleni.

Malori yalisimama upande mmoja, pua kwa mkia, tusione mwanzo wake. Madereva walikuwa nje, wengine wanapiga mswaki, wengine wamekaa kwenye vigoda chini ya trela wakipika chai kwa jiko la mkaa. Walipoona mitandio ikipita mbio, kwanza walinyamaza. Kisha mmoja akaita kwa lafudhi ya Kimvita isiyofichika, "Bibi zetu, mwatoka wapi na mwaenda wapi?" Tulipojibu Mombasa, habari ikatutangulia lori kwa lori, upesi kuliko tulivyoweza kukimbia, na kila tulipofika tulikuta mtu amekwisha simama na chupa ya maji mkononi. Mzee mmoja alituuliza kama mvua imenyesha Likoni.

Mwenzetu mmoja ni mke wa dereva, miaka kumi na minane ya ndoa. Aliacha kukimbia akawa anatembea, akitazama kila kitu kwa makini: jiko, ndoo ya kuogea, shuka lililotundikwa dirishani kuzuia jua, kandambili zilizopangwa chini ya mlango wa lori kama mlangoni mwa msikiti. Mumewe hakuwapo, siku hiyo alikuwa Mombasa akingoja kupakia. Alimwuliza dereva mmoja kijana analala vipi, naye akamwonyesha kitanda kilicho nyuma ya kiti, chembamba kuliko benchi la jikoni. Akamwuliza anaswali wapi. Kijana akamwonyesha mkeka wake, na kibanda cha chai ambacho mwenyewe huwapa maji ya kutawadhia bila malipo, ingawa yeye si Mwislamu. Akamwuliza, kwa sauti ya chini, ambayo sisi tuliokuwa karibu tuliisikia, ni kweli kwamba simu huisha chaji. Kijana akacheka, akasema mara nyingine ni kweli.

Alimaliza wa mwisho kati ya wanawake, karibu saa nne baada ya kuanza. Mwalimu alikuwa bado ameketi na daftari lake, na aliandika muda wake kwa unadhifu ule ule aliomwandikia wa kwanza.

Binti wa kidato cha pili alifika kwenye njia panda ya kilomita 10 akiwa mbele yetu sote. Mamake alikuwa amesimama pale pale tangu mapambazuko, amejifunga leso mbili, ili kuhakikisha anakunja kurudi shuleni. Binti alisimama. Hakusema neno, na hakukunja. Mama alimtazama usoni, akamtazama miguu, akatazama njia ya vumbi inavyopanda, kisha akageuka kumtafuta wifi yake, aliyekuwa anakuja nyuma akihema. "Mwende naye," akamwambia. "Usimwache hata hatua moja." Shangazi, mwenye miaka arubaini na saba, ambaye alipanga kuishia kilomita 10, alimeza mate na kuitikia, "Haya, wifi." Walimaliza kilomita 21 pamoja, wameshikana mikono katika mita mia za mwisho, kwa saa mbili na dakika hamsini na moja.

Zawadi zilikuwa sufuria kwa mshindi wa kike na panga kwa mshindi wa kiume. Sufuria ilikwenda kwa mama mmoja wa Kiteso muuza dagaa, aliyekimbia kwa kandambili, na ambaye jioni ile ile alirudi sokoni. Uji ulikuwa wa wimbi, umetiwa ndimu. Mchana tulilishwa ugali mweusi wa muhogo na mtama, kuku wa kienyeji aliyechinjwa na mmoja wa kaka zetu kwa ombi la wenyeji wenyewe, na mchuzi mzito wa karanga ambao tumejaribu kuupika Mombasa mara mbili na haujawa ule. Jumla ya gharama, nauli ya kwenda na kurudi, chakula na kiingilio, haikufikia nusu ya anayotumia mtu kwa mbio moja ya kitalii. Tunalitaja hili kwa kuwa wasomaji wengi hutuandikia wakisema michezo ni ya wenye nacho.

Jioni, tukiingojea ile Magharibi ya kuchelewa, mke wa dereva aliketi kwenye ngazi ya darasa akampigia simu mumewe. Tulimsikia akisema, "Niko Malaba." Kimya. "La, foleni bado. Hawajafungua." Kisha akacheka hadi akashika mbavu zilizokuwa zikimwuma, na mumewe upande wa pili, kwa sauti iliyotufikia sote, akawa anauliza tu, "Malaba wapi? Malaba ipi?"

Shangazi hakuweza kuteremka ngazi kwa siku tatu ila kwa kurudi kinyumenyume. Binti amemwomba babake mkeka wa mazoezi na ruhusa ya kukimbia ufukweni baada ya Alfajiri, akifuatana na mtu. Mkeka umenunuliwa. Ruhusa ingali ikizungumzwa, na mamake ndiye anayemtetea.